Saa ya fidia ianze kuhesabiwa siku mgonjwa alipojua

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika safu hii wiki mbili zilizopita kuhusu wafanyakazi wanaodai fidia ya mapafu miaka mingi baada ya kuacha kazi. Aliuliza: kama vumbi liliwaumiza kweli, mbona hawakusema wakati ule wakiwa kazini? Akamalizia kwa kuwaunga mkono waajiri wanaotaka madai ya namna hiyo yatupwe kwa kuwa muda wake umepita. Swali lake si la mtu mbaya. Hata mimi ningeliuliza kabla halijanifika. Ndiyo maana nataka kumjibu taratibu, na kwa kweli sina namna nyingine: barua hii imenichukua siku nne, maana nikiinamia meza kwa muda mrefu pumzi inakata.

Nilitoboa miamba kwenye machimbo ya mawe kwa miaka 14. Mwajiri simtaji kwa sababu shauri letu bado halijasikilizwa. Kazi yangu ilikuwa kushika nyundo ya upepo, ile mashine inayopigapiga chuma ndani ya jiwe mpaka shimo lifike kina cha kuwekea baruti. Unga wa jiwe hutoka kwa nguvu kupitia mdomo wa shimo, na wewe uso wako uko hapohapo juu yake. Mashine tulizoanza nazo zilikuwa na mpira wa maji. Maji yakiingia shimoni ule unga hugeuka tope, ukatiririka chini, basi. Mpira ulipokatika haukuletwa mwingine. Tuliuliza. Msimamizi akasema maji yanachelewesha kazi na tope linaharibu njia ya magari. Kuanzia hapo tukatoboa kavu.

Nataka msomaji mwenzangu aone kitu kimoja. Tulikuwa tukijifunga kitambaa puani, kipande cha shati kuukuu, kwa kuwa hakuna aliyetupa kingine. Zamu ikiisha unakifungua. Kwa nje kimekuwa cheupe kama kimepakwa chokaa, na penye mdomo pana duara la unyevu. Hilo tulilizoea. Lakini ukikigeuza, ule upande wa ndani uliokuwa umegusa midomo yako nao ulikuwa mweupe. Tulikikung'uta, tukakifua, kesho tukakifunga tena. Kwa miaka 14 nilikigeuza kitambaa kile kila jioni na sikujua kinaniambia nini.

Vumbi unaloliona kwa macho, lile la kukuwasha koo na kukupigisha chafya, sehemu kubwa hunaswa puani na kooni, likatoka na makohozi. Linaloua ni lile usiloliona. Chembe zake ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zikifika huko hazitoki. Chembe hizo zikiwa za silika, ambayo imo katika miamba mingi na katika mchanga, mwili hujaribu kuzimeza ukashindwa, na kila unaposhindwa hubaki kovu. Kovu halipitishi hewa. Ugonjwa huu wa makovu huitwa silikosisi, wala haukomi siku unapokabidhi mashine na kurudi nyumbani, kwa sababu chembe umeondoka nazo. Marekani, mwaka 2016, iliweka kikomo cha vumbi hilo kazini kuwa mikrogramu 50 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Chukua gramu moja, igawe mara milioni, halafu chukua 50 tu kati ya hizo. Kwetu hakuna aliyewahi kufika na kifaa cha kupima hewa, hata siku moja.

Sasa msomaji mwenzangu, siku yangu ya kulalamika ilikuwa ipi? Siku ya mwisho kazini nilikuwa mzima. Nilishuka na sanduku langu la nguo begani, nikatembea mpaka barabarani bila kupumzika. Silikosisi ya kawaida mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na vumbi la asbesto, madini mengine yenye nyuzi, hungoja miaka 20, 30, hata 50. Wapo wanaokufa haraka, ni kweli. Wanaume waliochimba handaki la Hawks Nest huko West Virginia, Marekani, mwaka 1930 na 1931, walitoboa kavu kwenye mwamba uliojaa silika, na mamia yao walikufa, wengine kabla ya miaka miwili kwisha. Lakini wengi wetu ugonjwa huja polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Tulikuwa tunakohoa kazini, ndiyo. Nani asiyekohoa mahali pale? Ukikohoa na wenzako wote wanakohoa, huwezi kuuona ugonjwa hapo.

Kifua kilianza kunibana miaka 9 baada ya kuondoka. Kwanza nilidhani ni umri. Kisha nikawa nasimama katikati ya njia nikijifanya ninamsubiri mtu. Nilipokwenda hospitali nikaanzishiwa dawa za kifua kikuu ingawa vijidudu havikuonekana kwenye makohozi. Nilimeza miezi 6 bila kuruka hata siku moja, kikohozi kikabaki. Nikahamia kwingine, nikapewa dozi ileile tena. Siwalaumu sana madaktari wale, maana mapafu yaliyoliwa na vumbi hushikwa na kifua kikuu kirahisi kuliko mapafu mazima, na kwenye picha magonjwa hayo mawili huweza kufanana. Nililonalo moyoni ni kwamba katika muda wote huo hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya kazi gani.

Daktari wa tatu ndiye aliyeuliza. Alikuwa binti mdogo, rika la watoto wangu. Aliinua ile picha ya eksirei akaielekeza dirishani, akaitazama kimya kwa muda, kisha akasema, "Mzee, ujanani ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia nilikuwa kwenye mawe. "Kwa miaka mingapi?" Nikamwambia. Akaniita nisogee, akanionyesha vidoa vyeupe vilivyotapakaa sehemu ya juu ya mapafu yote mawili, vingi, karibu vyote vya ukubwa mmoja. "Hivi havikuingia jana," akasema. Akaniambia nipulize mara tatu kwenye bomba la kupimia pumzi. Siku hiyo ndipo niliposikia neno silikosisi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na siku hiyohiyo nikaambiwa kwamba dawa ya kuiponya haipo.

Wakili niliyekwenda kumwona alinitaka nimpe tarehe tatu: ya mwisho kushika mashine, ya kuanza kuumwa, na ya kuambiwa jina la ugonjwa. Kati ya ya kwanza na ya tatu ilikuwa imepita miaka 11. Akaziandika kwenye mstari mmoja, akaweka kalamu. "Upande wa pili watahesabu kuanzia hii," akagusa ya kwanza. "Sisi tutahesabu kuanzia hii," akagusa ya tatu. Mhariri, madai yangu yote yako hapo, kati ya vidole vyake viwili. Vumbi lenyewe mwajiri wangu hajalibishia sana. Hata ugonjwa hajaukana. Jibu lake la kwanza kwa maandishi lilikuwa kwamba muda wa kudai umekwisha.

Tangu hapo, kwa kuwa kazi siwezi tena, nimekuwa nikisoma nakala za hukumu ambazo wakili huniazima. Nimeona kwamba swali la msomaji mwenzangu liliwahi kufika mbele ya majaji wakubwa zamani sana, na likawasumbua.

Marekani palikuwa na mtu aitwaye Tom Urie, mchochea moto wa gari moshi. Treni za wakati ule zilikuwa zikimwaga mchanga juu ya reli ili magurudumu yasiteleze, na vumbi la mchanga ule lilimwingia yeye kibandani kwa takriban miaka 30. Mwaka 1940 akashindwa kazi, mwaka 1941 akashitaki. Sheria ilimpa miaka 3. Kampuni ikadai kwamba mtu aliyevuta vumbi tangu mwaka 1910 lazima aliupata ugonjwa zamani, kwa hiyo amechelewa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja hiyo mwaka 1949. Ilisema, kwa maana yake, kwamba sheria haikukusudia kumnyima haki mtu kwa kutojua jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua, na kwamba madhara ya vumbi hujikusanya kidogo kidogo, hayana tarehe ya kuingia mwilini.

Uingereza walifika hapohapo kwa njia yenye machungu zaidi. Katika kesi ya Cartledge dhidi ya Jopling, wafanyakazi waliosafisha vyuma vilivyotoka kwenye kalibu walikuwa wamepata ugonjwa wa mapafu kutokana na vumbi. Mwaka 1963 Baraza la Malodi, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho wakati ule, lilisema saa ilianza kuhesabiwa pale mapafu yalipoumia, hata kama hakuna mtu duniani ambaye angeweza kugundua. Wakashindwa. Majaji wenyewe walikiri kwamba matokeo hayo si ya haki, ila mikono yao ilifungwa na maneno ya sheria. Bunge lao likabadilisha sheria mwaka uleule. Leo kwao mtu ana miaka 3 kuanzia siku alipoumia au siku alipojua, ile inayokuja baadaye, na kwa mjane au mtoto wa marehemu saa yaweza kuanza siku yeye alipojua. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Afrika Kusini kizuizi hakikuwa saa, bali sheria ya fidia iliyowafungia wachimbaji mlango wa kumshitaki mwajiri. Thembekile Mankayi alifanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa dhahabu kuanzia 1979 mpaka 1995. Kwa mapafu yaliyoharibika alilipwa randi 16,320 tu na kuambiwa yamekwisha. Alipigana mpaka Mahakama ya Katiba, nayo Machi 2011 ikaamua kwamba alikuwa na haki ya kushitaki. Mwenyewe alikuwa amefariki siku chache kabla ya hukumu kusomwa. Ila mlango aliouvunja ulipitisha maelfu. Mwaka 2018 kampuni za dhahabu zilikubali kutenga takriban randi bilioni 5, mahakama ikaidhinisha 2019, na walioguswa ni waliofanya kazi migodini tangu Machi 1965. Mtu aliyetoka mgodini mwaka 1970 na bado anaishi na silikosisi hakuambiwa kwamba amechelewa.

Sipingi kuwepo kwa ukomo, yaani mwisho wa muda wa kudai. Mashahidi hufa, karatasi huungua, na si haki mtu kuishi miaka yote akiogopa kushitakiwa kwa jambo ambalo hata hana tena namna ya kulijibu. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Lakini tazama ni nani anayeumizwa zaidi na miaka kupita. Mwajiri alikuwa na vitabu, alikuwa na ofisi, alikuwa na orodha ya mashine na risiti za vipuri. Mimi nilikuwa na kitambaa. Ni mimi ninayetakiwa kuthibitisha kwamba nilikuwepo, kwamba jiwe lilikuwa na silika, kwamba tulitoboa kavu, kwamba mwajiri alijua au alipaswa kujua, na kwamba vidoa vile vilitokana na kazi ile na si kitu kingine. Kila mwaka unaopita unanipokonya shahidi. Hakuna mgonjwa anayechelewa kwa makusudi ili apate faida, kwa sababu faida hiyo haipo.

Nilipoanza kutafuta uthibitisho nilikuwa na slipu za mshahara sita tu, wino umefifia, na kitambulisho cha kazi ambacho picha yake imebanduka nusu. Nikasema niende kwa mwenzangu wa zamu. Tulishika mashine moja miaka 8, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto, na yeye ndiye aliyekwenda kwa msimamizi kuuliza habari ya mpira wa maji. Nilifika kwake adhuhuri. Mkewe alinifungulia, akanitazama nilivyoshika mwimo wa mlango nikitafuta pumzi, na kabla sijasema neno machozi yakamtoka. Alisema, "Shemeji, na wewe unahema kama yeye."

Alikuwa amemzika miaka 2 kabla. Waliambiwa ni kifua kikuu sugu. Nilimpa pole, nikakaa, nikamweleza kilichonipeleka. Akaingia ndani akatoka na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na daftari dogo lenye jalada gumu, la aina ile tuliyokuwa tukigawiwa kuandikia idadi ya mashimo. Mwenzangu alikuwa na mwandiko mzuri. Kila zamu aliandika tarehe, idadi ya mashimo, kina chake, majina yetu wawili, yote kwa penseli. Nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Mahali fulani, pembeni, kwa herufi ndogo: "mpira wa maji umekatika, kavu." Wiki iliyofuata: "bado kavu." Mwezi uliofuata: "kavu, nimeuliza tena." Baada ya hapo hakuandika tena neno hilo. Nadhani aliacha kwa sababu lilikuwa limeshakuwa hali ya kawaida.

Kabla sijamaliza kuhusu daftari hilo, nataka kuwaomba wanaotunga sheria jambo moja, kwa lugha ya mtu wa mawe. Palipoandikwa kwamba madai yafunguliwe ndani ya miaka kadhaa, ongezeni maneno machache tu: tangu siku mgonjwa, au mjane, alipojua kwamba ana ugonjwa huo na kwamba umetokana na kazi. Msiwaachie majaji wakisie. Na kila mfanyakazi wa vumbi anapoondoka kazini akabidhiwe karatasi inayosema alishika mashine gani, kwa miaka mingapi, na hewa ilipimwaje, pamoja na picha ya mapafu yake ya siku hiyo. Karatasi hiyo ingemfaa hata mwajiri mwaminifu. Ningekuwa nayo, daktari wa kwanza angejua, nisingemeza dozi mbili za ugonjwa ambao haukuwa wangu, na miaka 2 kati ya ile 11 isingepotea.

Msomaji mwenzangu aliandika pia kwamba wengi wa wanaodai walikuwa wavutaji sigara. Sigara huharibu mapafu, na mwenye silikosisi akivuta anajimaliza. Lakini sigara haina silika ya kuacha vidoa vile. Mwenzangu hakuvuta hata moja. Alikuwa akitukemea sisi.

Nilimweleza shemeji kwamba daftari lile laweza kunisaidia mahakamani, na kwamba yeye naye huenda ana haki ya kudai kwa ajili ya mumewe. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia. Alidhani marehemu akishazikwa habari imekwisha. Nikamweleza habari za ukomo, za tarehe, kwa nini wakili aliniuliza zile tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbata juu ya boksi.

"Sasa shemeji," akaniuliza, "kwangu mimi hiyo siku ya kujua ni ipi?"

Nikamwambia naamini ni leo, ingawa mwenye kuamua ni mahakama.

"Basi iandike."

Akanipa kalamu. Nikaenda ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya mstari wa mwisho wa penseli ya mumewe, nikaandika tarehe, saa, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia. Akatia sahihi, nami nikatia yangu.

Wako,
Mtoboaji miamba wa zamani
(Jina na anwani vimehifadhiwa)